Jinsi Tulivyouokoa Ukuta wa Bi Zuhura

Juma lililopita nilishuka kwenye jukwaa la ujenzi kwa mara ya mwisho. Magoti yamekataa, nami sikutaka kubishana nayo. Felista, ambaye sasa ndiye anayewaongoza mafundi wetu, ameniomba nisiende kukaa kimya nyumbani. Anataka niandike jinsi tulivyokuwa tukikarabati viungo vya matofali miaka ya Ujamaa, wakati saruji ilikuwa kitu cha kusikia redioni. Nimekubali, kwa sharti kwamba sitaandika habari za vyeo. Mwashi ana vyeo viwili tu: ama yuko juu ya jukwaa, ama yuko chini anachanganya udongo. Vyote nimevishika.

Naitwa Skolastika. Nilizaliwa Kasense, kijiji cha karibu na mji wa Sumbawanga, kwa wazazi wakulima wa mahindi na ulezi. Nyumbani tulizungumza Kifipa. Kiswahili nilikipata shuleni na sokoni. Nilikuwa nimeshamaliza shule ya msingi, nalima na mama, kijiji kilipoamua kupanua ghala lake kwa nguvu za wote. Wanaume walifyatua na kuchoma matofali, sisi wanawake tukabeba maji. Fundi aliletwa kutoka Majengo, mjini. Jina lake Rajabu, mtu mfupi mwenye kofia ya kufuma, aliyejifunza uashi pwani kabla ya kuhamia kwetu kumfuata mkewe.

Siku hiyo ya kwanza nilitua ndoo yangu nikamkuta anakwangua ukuta wa zamani wa ghala. Udongo uliokuwa kati ya matofali ulikuwa umeliwa na mvua, naye badala ya kuuziba alikuwa anautoa hata ule uliobaki. Nilisimama nikitazama mpaka akageuka.

"Unaangalia nini, binti?"

"Shikamoo, fundi. Naangalia kwa nini unatoa udongo ambao umeitwa kuuweka."

"Marahaba. Njoo uutoe wewe, halafu utaniambia kwa nini."

Akanipa chuma chenye ncha iliyopindwa, akaenda kwenye ukuta mpya. Nilikwangua kutwa. Kila nilipofika mahali pagumu nilisimama, nikipapasa naona bado kuna unga unga nyuma, naendelea. Jioni alikuja akaingiza kidole kwenye viungo vyangu, kimoja kimoja, kama daktari anayetazama meno.

"Wengi wakifika saa nne huanza kuziba juu juu," alisema. "Wewe hujaziba hata kimoja."

"Hujaniambia nizibe."

"Ndiyo maana kesho uje tena."

Baba alinung'unika. Alisema jukwaani si mahali pa msichana, na mama akauliza nitavaa nini huko juu. Nilivaa suruali ya kaka yangu chini ya kitenge na suala hilo likaisha. Baba alinung'unika siku chache zaidi, kisha bila kusema neno akanichongea mpini wa nyundo uliokaa sawasawa na kiganja changu. Nikajua ruhusa nimepewa.

Niliondoka na Rajabu ghala lilipokwisha, nikamfuata kazi kwa kazi, Majengo, Kasense na vijiji vilivyokuwa vinapangwa mistari wakati ule. Nyumba mpya zilikuwa nyingi, lakini yeye alipenda zaidi zile za zamani, za matofali mekundu ya kuchoma, ambazo wenyewe walizikatia tamaa. Vyombo vyake vilikuwa vichache. Mwiko mkubwa na mwiko mwembamba kama ulimi, nyundo, tindo, ufagio wa kufuta vumbi, na vile vyuma vyenye ncha, ambavyo mhunzi alimtengenezea kutokana na springi ya lori. Alivisafisha kila jioni. Mimi nilidhani ni ubahili, mpaka siku moja nilipofanya kazi na mwiko wenye udongo uliokauka na ukanichafulia ukuta mzima.

Jambo alilonifundisha mapema, na ambalo naliandika hapa kwa sababu bado naona mnalikosea, ni kwamba udongo wa kiungo usiwe mgumu kuliko tofali lenyewe. Ukuta hunywa maji, na ni lazima uyatoe. Kiungo kikiwa laini kidogo, maji hutokea hapo. Kikiwa kigumu kama jiwe, maji hutafuta njia kwenye tofali na kulimega. "Kiungo utakibadilisha," alikuwa akiniambia. "Tofali lililomegeka utalirudisha wapi?"

Basi, tufike kwa Bi Zuhura.

Alikuwa mjane wa dereva wa malori, mshonaji wa sare za shule, akiishi peke yake Majengo katika nyumba aliyoachiwa na mumewe. Ukuta wa ubavuni, ule unaopigwa na upepo na mvua, ulikuwa umeharibika vibaya. Mkaguzi wa majengo, Ndugu Kasiani, alikuwa ameupiga alama ya rangi nyekundu. Hakuwa mtu mbaya. Alimweleza Bi Zuhura mlangoni, nami baadaye aliniambia maneno yale yale: mvua zikianza na ukuta uko hivyo, nyumba itabomolewa kabla haijamwangukia mtu. Mama yake mwenyewe angekuwa humo, angemtoa siku hiyo hiyo.

Bi Zuhura akamwita Rajabu. Lakini Rajabu siku chache kabla alikuwa ameanguka kutoka kwenye paa la jirani, na bega lake lilikuwa limefungwa kitambaa mpaka shingoni. Tulikwenda wote wawili. Bi Zuhura alitutazama kutoka kwenye cherehani yake.

"Rajabu, nimekuita wewe."

"Nimekuja."

"Umekuja na bega bovu na msichana."

"Bega ni langu. Mikono ni yake. Ukitaka ukuta, zungumza naye."

Niliamkia. Aliitikia, akanipima kwa macho kuanzia kitenge mpaka vumbi la miguuni.

"Umewahi kutengeneza ukuta mzima peke yako?"

"Hapana, Bi Zuhura."

Alicheka kidogo. "Haya. Angalau husemi uongo. Nikibomolewa hapa, itabidi niende kwa ndugu za marehemu kule Tabora. Ni watu wema, lakini kwao nitakuwa mgeni mpaka nife. Cherehani yenyewe sijui nitaiweka wapi. Nenda ukatazame."

Nilitazama. Miaka ya nyuma kuna fundi mpita njia alikuwa amepaka saruji juu ya viungo vya zamani bila kuvikwangua. Kwa macho palikuwa pazuri. Nilipoingiza ncha ya chuma, saruji ile ilitoka kama utepe, na uso wa matofali ukatoka nayo. Nyuma yake udongo ulikuwa unga mtupu. Nyuki wale wadogo wanaochimba ukutani walikuwa wametoboa vitundu kila mahali na kuweka watoto wao humo. Matofali kadhaa niliyatikisa kwa vidole. Nilikuwa nimeshazoea kuwa na Rajabu kando yangu kazini, na sasa alikuwa amekaa kwenye kigoda, akitafuna muwa kwa mkono mmoja.

"Unaonaje?" akaniuliza.

"Unaweza kupona. Lakini saruji hakuna mjini."

"Ingekuwapo nisingeitaka. Umeona ilichofanya. Tunataka chokaa."

Chokaa ya kupaka ilipatikana kidogo kidogo, lakini ya kujengea ukuta mzima haikuwapo. Aliyetupa habari alikuwa Hamisi, mdogo wake Bi Zuhura, aliyekuwa anaendesha lori la kubeba mpunga kutoka Mtowisa, chini bondeni. Alisema huko bondeni kuna mzee anayechoma mawe meupe. Rajabu hangeweza kusafiri na lile bega. Nikaenda mimi.

Mnaoijua barabara ile leo hamuijui ya wakati ule. Tuliondoka Sumbawanga nimevaa sweta mbili, na tulipomaliza kuteremka lori likiruka ruka juu ya mawe, nilikuwa natafuta pa kuziweka. Joto la bondeni lilinikuta kama mlango wa tanuri. Mzee mwenye chokaa hakutaka kutupa. Alisema chokaa yake ni ya kupaka, watu wa mjini wanataka kuichezea. Hamisi alimweleza kwa Kiswahili akachoka. Ndipo nilipomwamkia kwa Kifipa, nikakaa chini, nikamweleza habari za mjane na alama nyekundu na udongo uliogeuka unga. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akachukua jiwe moja lililochomwa, akalitia maji kidogo mbele yangu. Lilifoka na kutoa mvuke.

"Linalofanya hivi ndilo zuri," alisema. "Lisilofoka limeshakufa, usilibebe. Na maji yasiliguse njiani, litawaunguzia gari."

Tulilipakia kwenye madebe yenye vifuniko. Hamisi aliendesha akipanda mlima huku kila mara akitazama wingu. Mimi nilikuwa nyuma, nimekalia madebe, nimetandaza turubai na sweta zangu zote mbili juu yake. Nilifika Majengo nikitetemeka, chokaa ikiwa kavu.

Chokaa tuliizima kwenye shimo uani. Ukimwaga maji juu ya mawe yale hutokota kama uji, na ole wa jicho litakalorukiwa. Rajabu alinifunga kitambaa usoni, akanisimamisha upande wa upepo. Ilipotulia tukaifunika kwa maji, tukaiacha ilainike majuma kadhaa mpaka ikawa kama siagi. Wakati ikikaa, mimi nilikwangua. Nilikwenda kipande kwa kipande, wala sikufungua ukuta wote mara moja, kwa maana ukuta ulioondolewa viungo vyote ni rundo la matofali linalosubiri kuanguka. Kina kilikuwa mara mbili ya upana wa kiungo au zaidi, mpaka nifike penye udongo mzima. Tofali lililolegea nililibana kwa vipande vya mti.

Rajabu alitaka pia unga wa matofali. Alisema pwani wazee wake waliuchanganya na chokaa ili ishike upesi na isiogope maji. Bi Zuhura akatoa kinu chake, akaita majirani, nao wakatwanga vigae vya matofali uani kama wanavyotwanga kisamvu. Kinu kilioshwa baadaye mara nyingi. Hata hivyo kisamvu cha nyumba ile kiliendelea kutukwaruza meno kwa muda.

Kipande cha kwanza nilikijaza nikiwa na furaha. Nilikuwa nimefuta vumbi kuanzia juu kwenda chini, nimelowesha matofali mpaka yakaacha kunywa. Udongo wenyewe, yaani chokaa iliyochanganywa na mchanga na ule unga wa matofali, ulikuwa mkavu kiasi: ukiubana kwenye ngumi unabaki umbo la ngumi na haukulowanishi. Niliusukuma ndani kwa mwiko mwembamba, tabaka juu ya tabaka. Nilikwenda kulala nikijiona fundi.

Asubuhi nilikuta viungo vyangu vimepasuka nyufa nyembamba. Nilipovigusa, vilimwagika kama mchanga. Bi Zuhura alikuwa amesimama nyuma yangu na kikombe cha chai ambacho alikuwa ameniletea. Alikiweka chini, akarudi ndani, na nikasikia cherehani ikianza.

Nilikaa chini nikalia. Mvua zilikuwa zinakaribia. Upande wa magharibi mawingu yalikuwa yameanza kujikusanya kila jioni. Rajabu alipofika aliokota vumbi lile, akalisugua kati ya vidole.

"Usiku upepo ulivuma?" aliuliza.

"Ulivuma."

"Basi ni upepo. Huku kwenu juu una kiu kuliko wa pwani. Umeinywa chokaa kabla haijashika. Mchanganyiko wako hauna kosa."

"Tufanye nini?"

"Tuuvishe ukuta nguo."

Hamisi alileta magunia ya mpunga. Nilikwangua kile kipande upya na kukijaza upya, nikatundika magunia yaliyoloweshwa kutoka kwenye paa mpaka chini. Kila nilipomaliza sehemu niliivisha. Kuyalowesha ilikuwa kazi kubwa kuliko ujenzi, maana maji yalitoka bombani kwa foleni. Majirani wale waliotwanga vigae wakajigawia zamu bila kuombwa. Mmoja akipita kutoka bombani humwagia gunia kata moja kabla hajaenda kwake. Bi Zuhura mwenyewe aliacha sare, akapanda kwenye meza ya cherehani na kulowesha sehemu za juu, akiniambia kwamba mumewe angekuwa hai angecheka mpaka adondoke.

Safari hii asubuhi nilifunua gunia. Nilibonyeza kiungo cha kwanza kwa kidole gumba. Hakikuingia. Nilibonyeza cha pili, cha tatu, nikaendelea mpaka mwisho wa kipande. Niliita, "Bi Zuhura, njoo uguse." Alikuja, akabonyeza kwa kidole chenye mtondoo wa kushonea, ukatoa sauti ndogo ya tik. Alinitazama, akaingia ndani, na akarudi na chai pamoja na maandazi.

Kuanzia hapo kazi ilikwenda. Nilijua sasa mkono wangu unafanya nini. Nilipanda kozi kwa kozi, mstari wa matofali juu ya mstari, nikiingiza matofali mapya pale yaliyomegeka, nikigeuza mengine uso mzuri uje nje. Rajabu alikaa kwenye kigoda chake chini, na maneno yake yakapungua siku hadi siku, mpaka siku nzima ikapita hajaniambia kitu zaidi ya habari za asubuhi. Nilimuuliza kama amekasirika.

"Sina la kusema," alijibu. "Ulitaka nizungumze bure?"

Nilikuwa nimemaliza kozi ya mwisho chini ya paa, na sehemu za mwanzo zimeshakuwa ngumu, mvua ilipokuja. Ilikuja alasiri, mapema kuliko ilivyotazamiwa, na ilikuja na upepo na mawe ya barafu. Tuliegemeza mabati ya zamani juu ya sehemu mpya, tukakimbilia ndani. Nilimwambia Bi Zuhura atoke aende kwa jirani.

"Wewe unatoka?" aliniuliza.

"Mimi ndiye niliyeutengeneza. Nakaa."

"Na mimi ndiye ninayelala humu."

Tukakaa wote watatu katika chumba kile, Rajabu, Bi Zuhura na mimi, cherehani imefunikwa khanga. Mabati ya nje yalipeperushwa mapema tu. Tuliyasikia yakiburuzwa mtaani. Baada ya hapo mvua ilipiga ukuta wenyewe, bila kizuizi. Niliweka viganja vyangu viwili juu ya matofali kwa ndani, nikatulia hivyo. Niliusikia upepo ukisukuma. Ukuta haukutikisika. Nilishuka nikipapasa mpaka sakafuni, mahali ambapo Bi Zuhura alisema kila masika huweka beseni. Palikuwa pakavu. Nilipapasa tena kwa sababu sikuamini. Kisha nikachukua mkono wake nikauweka pale.

"Pakavu," nilisema.

Aliuacha mkono wake pale pale. "Miaka yote hii," alisema, "sijawahi kuisikia mvua nikiwa nimekaa."

Mvua haijaisha vizuri, Ndugu Kasiani alifika amelowa chapachapa. Alikuwa amekuja mbio akidhani atakuta kifusi. Alisimama nje, akafuta maji usoni, akatoa kisu kidogo mfukoni. Alijaribu viungo vya chini, vya katikati, akaomba ngazi akajaribu vya juu. Aliegemeza bega akasukuma. Kisha akaingia ndani akapapasa kama nilivyopapasa mimi.

"Nani amefanya kazi hii?" aliuliza.

Nilimwona Rajabu akifungua mdomo, lakini Bi Zuhura alimtangulia.

"Fundi Skolastika," alisema. "Yupo hapo mbele yako, ndugu."

Ndiyo ilikuwa mara ya kwanza kuitwa hivyo. Ndugu Kasiani alinipa mkono. Alitoka, akaikwangua ile rangi nyekundu mwenyewe kwa kisu chake, mvua bado ikimdondokea, mpaka matofali yakabaki safi. Majirani walikuwa wametoka milangoni. Mmoja akapiga kigelegele, wengine wakapokea, na mtaa ule ulipiga kelele kana kwamba kuna harusi. Rajabu alivua kofia yake, akaipangusa, akaivaa tena. Nilikuwa nimelowa, nina chokaa mpaka kwenye nyusi, na nilijiona mrefu kuliko paa.

Kesho yake kulipopambazuka nilikuwa bado Majengo, nakunja magunia. Nilisikia hodi kwenye lango la uani. Alikuwa Ndugu Kasiani tena, safari hii bila karatasi zake, amevaa kandambili. Nilidhani ameona kasoro aliyoisahau jana. Niliweka gunia chini nikasimama.

"Habari za asubuhi, fundi," alisema.

"Nzuri, ndugu. Kuna tatizo?"

Alitazama pembeni kidogo, kisha akacheka.

"Sikuja kikazi. Nina ukuta nyumbani kwangu, mke wangu kila siku ananisema. Ungekuja ukautazama?"

Nilichukua chuma changu cha kukwangulia nikamfuata.